Goma: Maduka, restora na familia za Himbi, mtaa wa matajiri unaojifunza kuishi bila benki

Mtu akitaja Himbi mjini Goma, wengi wanafikiri mara moja nyumba kubwa kando ya ziwa Kivu, kuta za mawe meusi ya volkano, maua yanayoning'inia juu ya ukuta, na zamu aliyeketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya mlango wa chuma. Mtaa huu wa tarafa ya Goma ni kati ya sehemu ambako kodi ya nyumba ni ghali zaidi mjini. Lakini tangu mwisho wa Januari 2025, waasi wa AFC/M23 walipoingia mjini na benki zikafunga milango, maisha ndani ya kuta hizo yamebadilika. Mabadiliko hayo yameshuka hadi Ndosho, Majengo na Katoyi, kwa watu wanaofanya kazi Himbi mchana na kurudi kwao jioni.

Mtaa uliokua kwa mishahara ya dola

Himbi haikutajirika kwa kiwanda wala kwa shamba. Mwaka 1994, wakimbizi wengi mno kutoka Rwanda walipovuka mpaka na kuingia Goma, mashirika ya misaada yalifika nyuma yao. Baada ya hapo vita vilifuatana, na mwaka 2002 volkano Nyiragongo ikalipuka, lava ikifunika sehemu kubwa ya kitovu cha biashara hadi ziwani. Kila tukio lilileta ofisi mpya, na kila ofisi ilitafuta nyumba yenye lupango kubwa, ukuta mrefu na mahali pa kuegesha magari. Nyumba hizo zilipatikana kando ya ziwa: Himbi, Les Volcans, sehemu za Katindo na Keshero.

Wenye nyumba walianza kudai kodi kwa dola, pamoja na garanti ya miezi kadhaa. Karibu nao walijenga wafanyabiashara wa madini, wenye magari ya mizigo, madaktari, walimu wa vyuo vikuu na watumishi wa serikali wenye vyeo. Ndipo yakaja maduka ya kisasa, mikate ya aina nyingi, restora za ziwani na masomo ya kibinafsi yanayolipwa kwa dola.

Tufanye hesabu ndogo. Familia moja ya Himbi yenye baba anayefanya kazi katika shirika na mama mwenye duka la vitenge huwa na mpishi, yaya, zamu wa mchana na zamu wa usiku. Hao ni watu wanne. Kama kila mmoja ana watu sita nyumbani kwake, mshahara unaoingia kwa mlango mmoja unalisha watu 24 zaidi ya wale wanaolala ndani ya nyumba hiyo. Bado hatujahesabu dobi anayekuja mara mbili kwa wiki, motari anayepeleka watoto masomo, wala mama anayeuza lenga-lenga kwenye kona.

Mapigo mawili ndani ya wiki moja

Tarehe 20 Januari 2025, rais wa Marekani Donald Trump alisimamisha msaada wa nchi yake kwa nchi za nje kwa siku 90. Marekani ndiyo iliyokuwa ikitoa pesa nyingi zaidi kwa misaada ya kibinadamu Congo. Miradi mingi ilisimama, mingine haikurudi tena, na tarehe 1 Julai mwaka huo shirika la USAID likafungwa rasmi. Wiki moja baada ya tangazo la Trump, tarehe 27 Januari, M23 iliingia Goma. Umeme na maji vilikatika kwa siku kadhaa, uwanja wa ndege ukafungwa, na benki zikafunga.

Kwa wakaaji wa Himbi waliobaki na kazi, tatizo jipya lilikuwa hili: mshahara unaingia kwenye akaunti, unauona kwenye simu, lakini huwezi kuushika mkononi. Mwezi wa Aprili AFC/M23 ilifungua tena ofisi ya CADECO mjini, lakini mshahara ulio katika akaunti za benki nyingine haukupatikana kwa njia hiyo.

Njia tatu zilibaki. Ya kwanza ni pesa za simu, yaani M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Ajenti anayetoa noti anadai sehemu yake, na noti zinapoadimika anaongeza. Ya pili ni kuvuka mpaka na kutoa pesa Gisenyi, upande wa Rwanda, kwa yule mwenye kadi inayokubaliwa na karatasi za kuvuka. Ya tatu ni kumtumia pesa ndugu au mfanyabiashara aliye Beni, Butembo au Kampala, kisha mshirika wake akutolee noti hapa Goma.

Kila njia ina gharama yake. Mwenye mshahara mkubwa analipa na kuendelea, hata kama ananung'unika. Kwa mpishi ni jambo jingine. Bosi asiye na noti humlipa kwa simu. Mpishi akienda kutoa pesa hiyo ili anunue unga na makala, ajenti anakata sehemu. Hapo bosi amelipa mshahara wote, naye mpishi amepokea pungufu.

Tatizo jingine ni noti zenyewe. Benki Kuu haileti noti mpya za faranka mjini, kwa hiyo zile za zamani zinazunguka mpaka zinachanika. Muuzaji mmoja anazikataa, mwingine anazipokea kwa masharti. Mwenye alimentasio akikosa noti ndogo, anarudisha chenji kwa pipi au kiberiti, au anaandika deni lake kwenye daftari.

Rafu za duka na njia za Kivu

Ukiingia katika duka la Himbi, rafu zinakueleza hali ya barabara kabla redio haijasema. Maziwa ya unga, mafuta ya kupikia, mchele, sabuni na pampersi vinatoka mbali: vingi vinashuka melini Mombasa au Dar es Salaam, vinapita Uganda au Rwanda, ndipo vinafika hapa. Mafuta ya gari pia yanafuata njia hizo za mashariki.

Vitu vingine vinatoka karibu. Fromaji ya Masisi, ile ya duara yenye ganda la manjano, inatengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe wa milima ya Masisi. Viazi vinatoka huko pia. Kabichi, karoti na vitunguu-majani vinashuka kutoka Kibumba, upande wa Nyiragongo. Maharagwe yanatoka Rutshuru. Mananasi yanavuka kwa mtumbwi kutoka kisiwa cha Idjwi. Vitunguu na mboga nyingine zinatoka Minova.

Kwa hiyo barabara ikifungwa Sake, mama wa Himbi anaona kwenye bei kabla ya wiki kuisha. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwanzoni mwa 2024, mapigano yalipofika karibu na Sake na njia ya Goma kwenda Minova ikakatika. Biashara ilihamia ziwani. Boti zilibeba watu na mizigo kupita kiasi. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti MV Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, magharibi mwa mji, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakiwasubiri wapendwa wao. Watu wengi walikufa. Baadhi ya abiria wa njia hiyo ni mama wachuuzi wanaoleta mboga kwenye masoko ya Goma, mboga zinazoishia kwenye sahani za mtaa wowote, wa tajiri na wa maskini.

Umeme nao una njia yake. Nyumba na maduka mengi yenye friji yanategemea mtambo wa Matebe wa Virunga Energies, wenye megawati 13, uliofunguliwa Rutshuru mwaka 2015. Mlingoti ukianguka vitani, fromaji inaharibika, nyama inauzwa haraka kwa bei ya hasara, na mwenye jenereta anahesabu lita za mafuta.

Restora: sambaza bado ipo

Restora za kando ya ziwa ndizo zilizokuwa sura ya Himbi siku ya Ijumaa jioni na Jumapili baada ya misa. Familia zilikuja na watoto, wageni wa mashirika walikuja na kompyuta zao, vijana walikuja kupiga picha mbele ya maji. Kwenye meza palikuwa na tilapia ya kuchoma, mishikaki ya mbuzi, makemba, frites na pilipili. Pia palikuwa na sambaza.

Samaki huyu mdogo si mwenyeji wa Kivu. Aliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, akazaa kwa wingi. Wavuvi wanatoka usiku na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, wanawasha taa, samaki wanafuata mwanga, nyavu inainuliwa. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa haufanyi kazi vizuri na mavuno yanapungua. Asubuhi mama wauzaji wanapita na mabeseni kichwani, na mchana sahani iko tayari.

Wateja wa mashirika walipopungua, restora zililazimika kuchagua. Baadhi zilifupisha orodha ya vyakula, zikaondoa vile vinavyohitaji viungo vya ndege au vya friji, zikabaki na vya hapa: sambaza, bugali, sombe, maharagwe, viazi. Vinywaji pia vimekuwa shida. Mwezi wa Juni 2025, kampuni ya Heineken, iliyokuwa na Bralima wakati huo, ilitangaza kwamba haina tena udhibiti wa vituo vyake vya Bukavu na Goma, na kwamba imewaondoa wafanyakazi wake waliokuwa wamebaki huko.

Katika hayo kuna faida moja ndogo. Pesa iliyokuwa ikinunua siagi ya Ulaya sasa inanunua sambaza ya mvuvi wa Keshero. Lakini mhudumu aliyeachishwa kazi hafaidiki nayo, kwa sababu restora yenye meza kumi zinazokaliwa haihitaji wahudumu wengi.

Ndani ya familia

Nyumbani, mambo yanayojadiliwa usiku watoto wakishalala ni matatu: nyumba, masomo na wafanyakazi.

Kuhusu nyumba, baadhi ya familia zimehamia Kinshasa, Kampala, Nairobi au Kigali, na kuacha zamu akilinda milango iliyofungwa. Mwenye nyumba aliyezoea kudai kodi kubwa sasa anakubali kujadiliana, kwa sababu nyumba tupu haimpi kitu.

Kuhusu masomo, serikali ilitangaza elimu ya msingi ya bure katika masomo ya umma mwaka 2019, lakini watoto wengi wa Himbi wako katika masomo ya kibinafsi. Wazazi wanaomba kulipa kwa awamu. Wakurugenzi wa masomo nao wana walimu wa kulipa, kwa hiyo wanakubali awamu lakini wanataka noti mkononi.

Wafanyakazi wa nyumbani ndio mara nyingi wa kwanza kukatwa. Dobi anaachishwa, kisha yaya, kisha zamu wa mchana. Mama wa nyumba anaanza kufua mwenyewe, binti mkubwa anabeba mdogo wake, kijana wa nyumba anajifunza kuchota maji ziwani kwa bidoni ya manjano bomba likikauka. Kwa familia ya Himbi huko ni kubana matumizi. Kwa yule yaya wa Katoyi, ni kodi ya chumba, karo ya mtoto na chakula cha jioni vinavyokosekana siku moja.

Kinachowezekana sasa

Hakuna familia ya Himbi inayoweza kufungua benki au uwanja wa ndege. Hayo yako mikononi mwa wanaopigana na wanaojadiliana. Lakini yapo mambo matatu yanayowezekana ndani ya kila lupango.

La kwanza, bosi anayelipa kwa simu aongeze gharama ya kutoa pesa juu ya mshahara. Kwake ni kiasi kidogo, kwa mpishi ni siku kadhaa za unga. La pili, asiyeweza kuendelea na mfanyakazi amwambie mapema, ampe walau mwezi mmoja wa kutafuta, au apunguze siku za kazi badala ya kumfukuza. La tatu, familia yenye deni kwa mama wa mboga ilipe kwanza deni hilo. Mtaji wa mama huyo ni beseni moja. Akikosa pesa ya kulijaza kesho, hana akiba nyingine, na watoto wake wanalala njaa kilomita chache kutoka kando ya ziwa.

Mji wa Goma umewahi kupoteza sehemu kubwa ya kitovu chake cha biashara chini ya lava mwaka 2002, na wakaaji wakajenga tena juu ya mawe yaleyale. Walijenga wote pamoja: mwenye duka, fundi, mbebaji wa chukudu na mama wa soko. Benki zikifunguliwa kesho, Himbi itawahitaji tena watu hao. Wanaoachwa leo bila kazi wala malipo hawatakuwa wakisubiri wote mlangoni. Wengine watakuwa wameshavuka mpaka, wengine watakuwa wamewatoa watoto wao masomo, na kurudi nyuma kutakuwa vigumu.