Msumari hauugeuzi mpapai

Nyumba za Mlandege, mjini Unguja, zimebanana, na uani kukiwa na nafasi ya mti basi ni mti mmoja tu. Mara nyingi huwa mpapai, maana hukua haraka na kivuli chake hakigombanishi majirani. Ukitokea kuwa dume, familia imepoteza miezi mingi na nafasi yake ya pekee. Hasara hiyo naielewa. Nisichoweza kukivumilia tena ni swali linalofuata: "Bwana shamba, msumari niupigilie upande wa mashariki au wa magharibi ili mti uzae?"

Hakuna upande. Usiupigilie kokote. Wanaokwambia uufunge mti kanga ya mama aliyezaa, utundike jiwe au uukate kichwa, nao hawana hoja bora zaidi.

Jinsi ya mpapai huamuliwa pale chavua inapolirutubisha yai ndani ya ua, kabla mbegu haijakomaa. Mwaka 2004 watafiti wa mpapai wa Hawaii walieleza katika jarida la Nature jinsi mti huu ulivyo na kromosomu Y ambayo bado ni changa katika historia ya mimea. Jike ana X mbili. Dume ana X na Y. Huntha, yaani mti wenye maua ya jinsi zote mbili, ana X na Y ya aina nyingine kidogo. Kila seli, kutoka mzizini hadi kileleni, imebeba kromosomu hizo hizo, na chuma cha inchi nne kilichochomekwa shinani hakizibadilishi. Kwa binadamu pia mama hutoa X tu, na kinachoamua ni kilichotoka kwa baba. Wanaume wanaowasimanga wake zao kwa kuzaa mabinti watupu wangefaa kulisoma hili mara mbili.

"Mbona wa jirani ulipigiliwa ukazaa?" Hapa ndipo watu wanaponasa, kwa hiyo tulitazame jambo lenyewe. Kwanza, uligongwa lini? Mara nyingi ni pale mwenye mti alipochoka kusubiri, na mpapai jike au huntha huweza kudondosha maua yake ya mwanzo kwa ukame au kwa kukosa chavua, kisha ukashika matunda wenyewe. Ungezaa hata kama nyundo isingekuwepo. Pili, wapo madume ambayo hali ya hewa inapobadilika hutoa maua machache yenye kifuko cha mbegu, na vipapai vichache vikaning'inia kwenye vikonyo virefu. Msimu ukipita, mti hurudi kwenye udume wake. Tatu, madume mengi yaliyopigiliwa hayakuzaa kamwe, na hayo hakuna anayeyasimulia.

Badala ya kubisha, chuma ua. La dume hutoka kwenye kishada kirefu kinachoning'inia, na ni jembamba kama mrija. Lipasue kwa ukucha: utaona stameni kumi zenye unga wa manjano, na katikati kijisindano kisicho na kifuko chochote chini yake. La jike hukaa karibu na shina, nono, na ndani ya petali kuna kidonge cha kijani kibichi. Kidonge hicho ndicho papai. Mti usio nacho hauna cha kukuza, hata ukiugonga misumari ishirini.

Wenye ndugu Oman wanalifahamu jambo hili kwenye mitende. Kule hakuna anayelitesa dume ili lizae tende. Mkulima hupanda juu ya mtende jike na kuweka vijiti vya maua ya dume katikati ya maua yake, na dume mmoja hutosha majike mengi.

Msumari una madhara pia. Shina la mpapai ni laini na lina uwazi ndani. Chuma kinapopenya, utomvu mweupe huchuruzika. Halafu tundu hupata pete ya kahawia, maji ya masika yakaingia, uozo ukapanda na kushuka. Nimeshaona mpapai jike mzima, uliokuwa umekosa chavua tu, ukioza hivyo na kuangushwa na kusi. Huo ulihitaji dume wa karibu. Dino Martins na Steven Johnson, waliochunguza mipapai ya Kenya na kuchapisha kazi yao mwaka 2009, waliona kuwa wachavushaji wake wakuu ni nondo wakubwa wanaoruka magharibi inapoingia. Ua jike halina asali: nondo hulitembelea akilidhania la dume. Dawa ya wadudu inayopulizwa jioni, na vichaka vinavyofyekwa vyote, huwaondoa hao.

Sasa la kufanya, kwa haraka. Kwa mbegu za papai la mviringo, yaani la mti jike, lililochavushwa na dume, kwa wastani nusu ya miche ni madume na huwezi kuitambua kwa rangi ya mbegu wala kwa mzizi ulionyooka. Panda miche mitatu shimo moja, subiri maua, bakisha jike mmoja, mingine ing'oe bila huruma. Uwezekano wa yote mitatu kuwa madume ni mmoja kati ya nane. Shambani acha dume mmoja kwa majike kumi hadi ishirini. Uani penye mti mmoja tafuta huntha, ambao hujichavusha wenyewe: chukua mbegu za papai refu, yaani la huntha, lililotoka mahali pasipo na madume jirani, na kwa wastani miche miwili kati ya mitatu itakuwa huntha, wa tatu jike. Usipojua mbegu zimetoka wapi, waulize wataalamu wa kilimo wa Kizimbani kabla hujapanda. Dume lililokwisha kukua likate, na kama ulilipigilia msumari, uchomoe kabla ya kulifanya mbolea.