Je, Wajua? Kichocho Kina Zaidi ya Miaka 3,000

Mwaka 1910, mtafiti Marc Armand Ruffer alichunguza kwa hadubini figo za maiti zilizokaushwa Misri ya kale, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Akakuta mayai ya minyoo wa kichocho!

Yale yalikuwa ya kichocho cha mkojo. Ufukweni mwa Ziwa Victoria, huko Mwanza na Ukerewe, kinachotawala ni cha tumbo, kinachoharibu ini.

Dawa ipo: prazikwanteli, dozi moja tu. Huua minyoo mwilini, lakini haikingi. Konokono wadogo huendelea kumwaga vibuu vya minyoo hao majini, navyo hupenya ngozi ya anayefua, anayeoga au anayevuta nyavu. Inauma kwamba mtoto aliyetibiwa shuleni huambukizwa tena akichota maji ziwani, kwa sababu nyumbani hakuna bomba.