Wanafunzi wa Vyuo na Biashara za Kuondoa Shida

Ujasiriamali wa kijamii ni kuanzisha biashara ambayo lengo lake la kwanza ni kuondoa shida fulani ya watu, huku ikijiendesha kwa kipato chake bila kusubiri wafadhili kila mwaka. Vyuo vingi huufundisha kwa kuwatoa wanafunzi darasani na kuwapeleka kwenye miradi ya jamii, kwa kuwa sehemu ngumu kuliko zote, yaani kuijua shida ilivyo hasa, haipatikani vitabuni.

Mfano bora wa jambo hili ulitokea Bangladesh. Baada ya njaa ya mwaka 1974, Muhammad Yunus, mwalimu wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Chittagong, alianza kwenda na wanafunzi wake katika kijiji cha Jobra, jirani na chuo. Huko walikuwapo akina mama waliotengeneza vigoda vya mianzi. Kwa kukosa fedha za kununulia mianzi, walikopa kwa wachuuzi, kisha wakalazimika kuwauzia wachuuzi haohao vigoda kwa bei waliyopangiwa. Kilichobaki mkononi kilikuwa senti tu. Yunus alimtuma mwanafunzi mmoja apite kijijini akiwaorodhesha watu wa hali hiyo. Orodha ilirudi na majina 42, na fedha zote walizohitaji kwa pamoja zilikuwa taka 856 za Bangladesh, pungufu ya dola 27 za Marekani. Chuoni nadharia za maendeleo zilizungumzia mamilioni; hapa watu walikuwa wamekwama kwa kiasi kisichofika dola moja kwa kila mtu. Mwaka 1976 Yunus aliwakopesha kutoka mfukoni mwake. Mpango huo ukakua hadi kuwa Benki ya Grameen mwaka 1983, na mwaka 2006 yeye na benki hiyo wakapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Orodha ya mwanafunzi yule ina nafasi kubwa katika habari hii kuliko inavyotajwa kwa kawaida.

Wakati mwingine ziara huligeuza swali lenyewe. Mwaka 2007 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipewa kazi ya kubuni inkubeta ya bei nafuu kwa ajili ya watoto njiti. Mmoja wao alipofika Nepal aliona hospitalini inkubeta zisizo na watoto, kwa kuwa njiti wengi huzaliwa vijijini na hawafikishwi mjini wakiwa hai. Kundi likaachana na wazo la mashine ya hospitali, likabuni mfuko wa kumfunika mtoto wenye kifurushi cha nta maalumu kinachotunza joto la nyuzi 37 kwa saa kadhaa bila umeme. Kazi hiyo ya darasani ilizaa shirika la Embrace.

Nairobi nako kuna kampuni ya Sanergy, iliyobuniwa na wanafunzi wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, walioona uhaba wa vyoo katika mitaa ya mabanda. Vyoo vyake viliuzwa kwa wakazi wenyewe, wakaviendesha kama biashara kwa kutoza watumiaji ada ndogo. Kinyesi hukusanywa na kugeuzwa mbolea na chakula cha mifugo. Uamuzi wa kuwapa wakazi umiliki ndio wenye maana kubwa zaidi, kwani kasoro inayoua miradi mingi ya wanafunzi ni muda: muhula ukiisha, vijana huondoka, na kilichoachwa hakina mwenyewe. Mradi wa namna hiyo humwachia mwanafunzi alama na kuiachia jamii ahadi isiyotimizwa, nayo jamii hulipokea kundi linalofuata kwa mashaka.

Muda mrefu husaidia, na fedha halisi pia. Chuo Kikuu cha EARTH nchini Costa Rica, kilichoanza kufundisha mwaka 1990, huwakopesha wanafunzi mtaji wa kampuni ndogo wanazoziendesha kwa miaka kadhaa ya masomo. Mkopo hurudishwa, faida hugawanywa. Mwanafunzi anayejua kwamba deni litalipwa kwa mauzo huuliza mapema nani atanunua, kwa bei gani, na kama atarudi kununua tena.