Nambari tasa kubwa zaidi si kufuli la akaunti yako

MFANYABIASHARA wa viazi mjini Burnt Forest, kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, akiwa na magunia 12 anaweza kuyapanga safu tatu za magunia manne, au mbili za magunia sita. Akiongezewa gunia moja, mpango huvurugika. Magunia 13 hayakubali safu zilizo sawa, ila yote yasimame katika mstari mmoja.

Nambari ya namna hiyo, isiyogawika ila kwa moja na kwa yenyewe, huitwa nambari tasa. Jina lenyewe lina kinaya, kwani ni hizo zinazozaa nambari nyingine zote kwa kuzidishwa.

Mgiriki Euclid alithibitisha zaidi ya miaka 2,200 iliyopita kwamba nambari tasa hazina kikomo. Hivyo, wataalamu husaka tu iliyo kubwa kuliko zinazojulikana. Mnamo Oktoba 2024 ilitangazwa iliyogunduliwa na Mmarekani Luke Durant kupitia GIMPS, mradi unaounganisha kompyuta za watu wanaojitolea. Hupatikana kwa kuzidisha mbili 136,279,841 pamoja, kisha kutoa moja. Ina tarakimu 41,024,320, ya mwisho ikiwa 1. Kila tarakimu ikipewa milimita mbili za karatasi, utepe huo utatoka Burnt Forest hadi Eldoret, na bado usalie.

Mtindo huo ulichunguzwa na mtawa Mfaransa Marin Mersenne katika karne ya 17. Hutoa 3, 7, 31 na 127, lakini pia hudanganya: mbili 11 zikizidishwa na moja kutolewa hupatikana 2,047, ambayo ni 23 mara 89. Ndiyo sababu kila nambari lazima ikaguliwe.

Je, ugunduzi huo unamfaa nini anayefungua akaunti yake ya benki kwa intaneti? Moja kwa moja, haumfai. Mbinu ya RSA, iliyobuniwa mwaka wa 1977 na Rivest, Shamir na Adleman, huzidisha nambari tasa mbili za siri. Kuzidisha ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kuzitambua mbili hizo kutokana na jibu ndiko kugumu. Mnamo 2020 watafiti waliweza kuichambua nambari ya tarakimu 250, kwa kutumia kompyuta nyingi. Kufuli la RSA linalotumika sana lina tarakimu 617. Nambari ya Durant, ijapokuwa jitu, haiwezi kuwa siri kwa vile dunia nzima inaijua.

Tapeli wa simu naye hahangaiki na hesabu hizo. Humpigia mwenye akaunti, akajidai mhudumu, kisha akaomba nambari ya siri. Ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000 pekee, nayo hulindwa na mfumo unaofunga akaunti baada ya majaribio machache. Ulinzi huo hauna kazi pale mwenyewe anapoitaja.