Ngata ya Magole na Njia ya Wapagazi

Wasafiri wengi wa basi la Dodoma huipita Magole wakiangalia nyanya zilizopangwa kando ya barabara, wala hawana habari kwamba milima ya Ukaguru, isimamayo upande wa magharibi, ndiyo iliyopandwa katika karne ya kumi na tisa na misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, masafa ya kilomita zipatazo 1,200 kwa miguu. Njia hiyo imo, tangu mwaka 2006, katika orodha ya awali ya Tanzania ya urithi wa dunia, na miongoni mwa vituo vyake sita ni Mamboya, humu humu wilayani Kilosa. Hayo yanajulikana. Lililonikaa moyoni ni jambo dogo kabisa, nalo ni ngata.

Nilimkuta bibi mmoja wa Kikaguru, aliyenisihi jina lake nisilitie gazetini, akisokota majani makavu ya mgomba kwa vidole vilivyokwisha kupinda, akiyazungusha na kuyakaza hata ikawa ngata ya ukubwa wa kisahani, akaifunga kwa ukindu, akaibonyeza kwa kiganja, kisha akaifumua yote na kuanza upya, kwa sababu upande mmoja ulikuwa umevimba kuliko wa pili.

"Ikiwa laini, mjukuu wangu, mzigo unakula utosi, ikiwa ngumu, unateleza. Na mzigo hauchukuliwi kwa kichwa, unachukuliwa kwa shingo na magoti."

Mwendo, kwa maelezo yake, si taabu. Taabu ni kutwikwa na kutuliwa. "Ukijitwika peke yako utajivunja. Kiuno changu mimi kiliharibika siku niliyofika nyumbani na gunia la mpunga, nikakosa wa kunitua."

Nikawakumbuka wapagazi, wengi wao Wanyamwezi waliokodiwa kwa ujira, ambao kila mmoja alichukua kiasi cha frasila mbili, yaani kilo zaidi ya 30, merikani na kaniki na shanga wakienda bara, pembe wakirudi pwani, nyuma ya kirangozi mwenye joho jekundu. Na njia hiyo hiyo wakapitishwa watumwa wasiokuwa na ujira wala hiari. Burton na Speke, waliopita nchi hizi mwaka 1857, wamo vitabuni, na Stanley wa 1871 kadhalika. Susi na Chuma wakatajwa kwa sababu ya maiti ya Livingstone iliyofikishwa Bagamoyo Februari 1874. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, kazi ya wale wengine ilikwisha, na majina yao wengi hayakuandikwa na mtu.

Huko Italia, karibu na mji wa Pitigliano, watu hutoka mbali ili watembee katika njia za kale za Waetruski zilizochongwa ndani ya miamba, nami sioni kwa nini Mamboya ikose wageni wa namna hiyo. Lakini je, njia ambayo binadamu aliswagwa kwa minyororo yafaa kufanywa mahali pa matembezi? Nilipomwuliza bibi, alikata kwanza ukindu mwingine.

"Wapite tu. Ila mizigo yao atachukua nani?"

Basi nasaha yangu kwa Halmashauri ya Kilosa, ikiwa siku moja vibao vitasimamishwa kutoka Magole kupanda Mamboya, ni kwamba ujira wa mpagazi uandikwe kwanza, kabla ya bei ya kiingilio.