Usonji: Mzazi Si Chanzo cha Hali ya Mwanawe, Bali Ni Msaada Wake wa Kwanza

Kila tarehe 2 Aprili Jumuiya ya Kimataifa huadhimisha Siku ya Uelewa wa Usonji Duniani, kufuatia azimio lililopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwezi Desemba 2007. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2021 mtu mmoja kati ya watu 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa uwiano huo, parokia yenye waamini 5,000 ingekuwa na watu wapatao 40 wenye hali hiyo. Baadhi yao wapo kati yetu bila sisi kuwatambua. Wengine hubaki nyumbani pamoja na mama zao, kwa sababu mtoto alipopiga kelele wakati wa Misa watu waligeuka kutazama, na mama akaona ni afadhali asirudi tena.

Katika makala haya tunapenda kueleza yale ambayo utafiti wa takribani miaka 80 umefundisha kuhusu namna ya kuwasaidia watoto hawa, kwa kuwa mafundisho hayo yanagusa moja kwa moja namna tunavyowatendea wazazi wao.

Usonji ni nini?

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza katika miaka ya mwanzo ya maisha na kudumu na mtu hadi uzeeni. Si ugonjwa wa kuambukiza, wala si wendawazimu. Mwenye usonji hupata ugumu katika kuwasiliana na kuhusiana na wengine, hupenda mambo yafuate utaratibu ule ule, hurudiarudia matendo fulani, na mara nyingi sauti, mwanga au mguso ambao kwetu ni wa kawaida, kwake huwa ni mateso. Hali hii hutofautiana sana kati ya mtu na mtu: wapo wasiotamka neno maisha yao yote, na wapo waliosoma hadi chuo kikuu.

Usonji ni mojawapo ya aina za ulemavu wa ukuaji, pamoja na ulemavu wa akili na hali nyingine zinazomkuta mtoto ubongo ungali unajengeka. Uchambuzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kwamba watoto milioni 52.9 wenye umri wa chini ya miaka mitano walikuwa na ulemavu wa namna hiyo mwaka 2016, na kwamba 95 kati ya kila 100 waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hata hivyo, sehemu kubwa ya tafiti kuhusu usonji imefanyika katika nchi tajiri. Kwa muda mrefu watoto wengi wamekuwa kwetu, na wataalamu wengi wamekuwa kwingine.

Lawama iliyomwangukia mama

Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto katika Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, alichapisha maelezo ya watoto 11 waliofanana kwa kujitenga na watu na kushikilia utaratibu usiobadilika. Maelezo yake yaliweka msingi wa elimu ya usonji. Lakini Kanner aliandika pia kwamba wazazi wengi wa watoto hao hawakuonekana kuwa na upendo mchangamfu, na neno hilo likazaa balaa. Katika miaka iliyofuata, baadhi ya wataalamu walifundisha kwamba usonji husababishwa na mama mwenye moyo baridi. Bruno Bettelheim, aliyeongoza shule ya watoto wenye matatizo mjini Chicago, aliueneza mtazamo huo katika kitabu chake cha mwaka 1967. Mama aliyefika kwa daktari akitafuta msaada aliondoka na hukumu.

Ukweli ulirejeshwa polepole. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na usonji, alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba chanzo kilipaswa kutafutwa katika mwili na wala si katika malezi. Mwaka 1969 Kanner mwenyewe alisimama mbele ya mkutano wa wazazi na kuwatangazia kwamba hawana hatia. Kisha mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha matokeo ya uchunguzi wa jozi 21 za mapacha nchini Uingereza. Kati ya jozi 11 za mapacha wanaofanana kabisa, jozi 4 zilikuwa na usonji kwa mapacha wote wawili. Kati ya jozi 10 za mapacha wasiofanana, hakuna hata moja. Kwa kuwa mapacha wa aina zote mbili hulelewa na mama mmoja katika nyumba moja, tofauti hiyo haikuweza kuelezwa kwa malezi. Ilielekeza kwenye vinasaba, na tafiti nyingi za baadaye zimethibitisha hivyo.

Msomaji wa Injili atakumbuka kwamba swali hili ni la kale. Katika sura ya 9 ya Injili ya Yohane, wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walimuuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alijibu kwamba si huyu wala si wale. Sayansi ilihitaji zaidi ya miaka 30 kuwaondolea wazazi lawama ambayo yenyewe ilikuwa imewatwika.

Lawama ya kwetu

Katika mazingira yetu lawama hiyo huvaa vazi jingine. Utafiti uliofanyika katika pwani ya Kenya na kuchapishwa mwaka 2015, ambapo wazazi na wataalamu wa jamii na dini mbalimbali walihojiwa, ulionyesha kwamba wengi walitaja laana, uchawi na pepo wabaya miongoni mwa vyanzo vya usonji, sambamba na sababu za kitabibu. Wazazi wengi walikuwa wamezunguka hospitalini, kwa waganga wa jadi na kwenye maombi. Kila kituo kilikuwa na gharama yake, na mahali pengine mzazi aliulizwa amemkosea nani.

Yapo mambo ya mwili ambayo jamii zetu zinapaswa kuyajua. Watafiti walioeleza habari za watoto 20 nchini Tanzania mwaka 2006 waliwakuta watoto watatu waliokuwa wakikua vizuri, kisha dalili za usonji zikajitokeza walipopona malaria kali iliyoambatana na homa ya muda mrefu na degedege. Idadi hiyo ni ndogo, wala haimaanishi kwamba malaria ndiyo chanzo cha kawaida cha usonji. Lakini inatosha kutukumbusha kwamba chandarua na matibabu ya haraka humlinda mtoto uhai na ubongo pia.

Kuhusu chanjo, hofu iliyoenea duniani ilitokana na makala ya mwaka 1998 iliyohusu watoto 12 tu, ikidai uhusiano kati ya usonji na chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Jarida la The Lancet lililoichapisha liliifuta rasmi mwaka 2010. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark walitoa matokeo ya kufuatilia watoto 657,461, nao hawakuona kwamba waliochanjwa walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kupata usonji. Surua huua. Mzazi asimnyime mtoto chanjo kwa sababu ya hofu ambayo imekwisha kuchunguzwa na kuonekana haina msingi.

Mzazi kama mwalimu

Baada ya kumwondolea mzazi lawama, utafiti ulipiga hatua ya pili: ulimtambua kuwa msaidizi wa kwanza. Nchini Uingereza watoto 152 wenye usonji, walio na umri wa kati ya miaka 2 na karibu 5, walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010. Nusu ya familia zilisaidiwa kwa njia mahususi: mzazi alirekodiwa akicheza na mwanawe, kisha akaitazama picha hiyo pamoja na mtaalamu ili atambue ishara ndogo ambazo mtoto alikuwa akitoa na namna ya kuziitikia. Mwanzoni mabadiliko makubwa yalionekana katika mawasiliano ya mzazi na mtoto, huku dalili za usonji zenyewe zikipungua kidogo tu. Watoto hao walipopimwa tena, takribani miaka sita baadaye, wale ambao wazazi wao walifundishwa walikuwa na dalili nafuu kuliko wenzao. Usonji haukuondoka, lakini mzigo ulipungua.

Je, njia hiyo inawezekana mahali pasipo na wataalamu? Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliichukua hadi Goa nchini India na Rawalpindi nchini Pakistan, kwa watoto 65. Waliowafundisha wazazi walikuwa wahudumu wa kawaida wa afya waliopewa mafunzo. Matokeo hayakuwa mazuri katika kila kipimo, lakini wazazi waliitikia ishara za watoto wao vizuri zaidi, na watoto wakaanzisha mawasiliano mara nyingi zaidi.

Kwa mwelekeo huo huo, WHO imeandaa mpango wa kuwafunza walezi wa watoto wenye umri wa miaka 2 hadi 9, wenye vikao 9 vya kikundi na matembezi 3 ya nyumbani, unaoweza kuendeshwa na watu wasio madaktari. Mpango huu umejaribiwa nchini Ethiopia, na umeingizwa katika mradi wa utafiti unaoziunganisha Ethiopia na Kenya, ukiwashirikisha watafiti wa Kilifi.

Yanayofundishwa hayahitaji vifaa vya gharama. Mlezi hufundishwa kuketi usawa wa macho ya mtoto na kuanzia pale mtoto alipo: akipanga vifuniko vya sufuria kwa mstari, mama naye aongeze kifuniko kimoja, ataje jina lake, kisha angoje. Anafundishwa kutumia maneno machache na ishara za mkono, na kumpa mtoto nafasi ya kuomba kabla hajapewa. Kazi ya kunawa mikono hugawanywa katika hatua ndogo, kila moja ikifundishwa kwa zamu na kupongezwa. Mtoto anapojipiga au kulia, mlezi hujiuliza ni nini kimetangulia, kwa maana tabia ya mtoto asiyeweza kusema mara nyingi ndiyo lugha yake. Vilevile mpango unamfundisha mlezi kujitunza, kwani wanaomtazama mtoto asiyelala usiku huchoka, na wengi huzama katika huzuni.

Hapa tahadhari inahitajika. Kusema kwamba mzazi ni msaada wa kwanza si kusema kwamba ni msaada pekee. Tukimwachia mama kazi yote, tutakuwa tumemrudishia ile lawama kwa jina jipya: mtoto asipoendelea, itasemwa kwamba mama hakufanya bidii. Wahenga walisema, mkono mmoja haulei mwana.

Parokia inaweza kufanya nini?

Tarehe 22 Novemba 2014 Baba Mtakatifu Francisko alikutana mjini Vatikani na watu wenye usonji, familia zao na wataalamu, akahimiza kuvunjwa kwa upweke na unyanyapaa unaowaelemea watu hao na jamaa zao. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, kanuni ya 777, unamwagiza paroko kuhakikisha kwamba mafundisho ya katekesi yanatolewa pia kwa wenye ulemavu wa mwili au akili, kadiri hali yao inavyoruhusu. Wanayo haki hiyo, na si hisani tunayowafanyia.

Utekelezaji wake uko ndani ya uwezo wetu. Familia inaweza kutengewa nafasi ile ile kila Dominika, karibu na mlango na mbali na vipaza sauti, ili mtoto akizidiwa atoke nje kidogo na kurudi bila aibu. Katekista anaweza kufundisha kwa vipindi vifupi, kwa picha na kwa vitendo, na kumwonyesha mtoto mapema hatua za kupokea Sakramenti, hata kwa kuitembelea altare kanisa likiwa tupu. Wanajumuiya wa Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo wanaweza kupokezana kukaa na mtoto saa mbili kwa juma, ili mama aende sokoni, kliniki au apumzike tu. Wahudumu wa zahanati zetu wanaweza kujifunza dalili za mapema: mtoto asiyeitika jina lake anapotimiza mwaka mmoja, asiyeonyesha kitu kwa kidole anapofikia miezi 18, au anayepoteza maneno aliyokuwa nayo. Mtoto wa namna hiyo apimwe masikio na apelekwe hospitali mapema, bila kuambiwa kwamba atakua tu.

Sala ina nafasi yake, nasi tunaihimiza. Lakini anayemwambia mzazi aache dawa za kifafa, au anayemtoza fedha kwa ahadi ya kumfukuza pepo wa usonji, hamsaidii. Wazazi walete kwa paroko na kwa daktari maswali yao yote, wala wasione haya kufika na watoto wao. Na sisi tunaokaa karibu nao Dominika, mtoto atakapopaza sauti katikati ya mahubiri, tusigeuke kumtazama mama yake kwa jicho la kuuliza nani ametenda dhambi. Swali hilo limekwisha kujibiwa.