Kabla ya Upasuaji wa Moyo, Tusimfiche Daktari wa Usingizi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeuumba moyo ukawa unapiga usiku na mchana bila ya kuamrishwa na mwenye nao. Ijumaa hii tunazungumza na familia zenye mgonjwa anayesubiri kupasuliwa moyo.

Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2008, na mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Hata hivyo, wengi wetu humjua mpasuaji tu, tukamsahau daktari wa usingizi. Huyu hamlazi mgonjwa akaenda zake. Humpa nusukaputi, humpitishia mpira kooni ili mashine impumulie, kisha huchunga presha, mapigo na oksijeni hadi mwisho. Mara nyingi moyo wenyewe husimamishwa, na damu ikazungushwa na mashine ifanyayo kazi ya moyo na mapafu, ambayo ilifanikiwa kwa mara ya kwanza huko Marekani mwaka 1953. Damu isigande humo, hutiwa dawa ya heparini; kazi ikiisha, hutiwa protamini ya kuizimua.

Mtu aliyekabidhiwa pumzi ya mwenzetu anastahiki kuambiwa ukweli.

La kwanza ni chakula. Mgonjwa huamriwa akae na njaa, kwa kawaida muda usiopungua saa sita bila chakula na saa mbili bila maji matupu. Kinachofuatwa ni agizo la daktari wake. Mama akiona mwanawe analia, huruma humshika, akamwibia kikombe cha uji alfajiri. Ndugu zetu, nusukaputi huulegeza mwili. Uji ule huweza kupanda na kuingia mapafuni, ukaua. Ikiwa amekula, semeni. Kuahirisha upasuaji si aibu.

La pili ni dawa. Atajwe kila anachotumia: dawa ya kisukari, ya presha, warfarini, mitishamba, hata vidonge vya kitunguu saumu, kwani baadhi huzidisha kutoka damu. Wala asiache dawa yoyote kwa uamuzi wake mwenyewe.

La tatu ni yale tunayoyadharau. Jino linalolegea huweza kung'oka mpira unapopitishwa. Hina nyeusi au rangi ya kucha huweza kukipotosha kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni. Mvuta sigara naye aseme, asione haya mbele ya wazee.

Baada ya upasuaji, msishtuke kumkuta mgonjwa hasemi, ana mpira mdomoni na mirija kifuani. Akiamka atahimizwa kuvuta pumzi ndefu na kukohoa huku amekumbatia mto. Msimzuie kwa kumwonea huruma. Anayemzuru anawe mikono. Kuhusu sala zilizompita akiwa usingizini, aulizwe mwanachuoni mapema.

Wako wasemao kwamba hayo yote ni kukosa tawakali. Lakini Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo ategemee. Kumwambia daktari ukweli ndiko kumfunga ngamia wetu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na awaongoze wanaowahudumia. Amin.